Sikukuu ilivyopanda mlima ikawa 'thiguku'

Desemba ikifika, neno linalosikika zaidi katika soko la Karatina na kwenye steji za matatu za Nyeri, Othaya na Mukurwe-ini ni thiguku. Thiguku utakuwa wapi? Watoto umewanunulia nini cha thiguku? Nauli ya thiguku ndiyo hiyo imepanda tena! Kwa wengi neno hilo ni Krismasi hasa, ingawa Pasaka nayo ni thiguku, na hata siku ya mapumziko iliyotangazwa na serikali huitwa vivyo hivyo. Ukiuliza neno lilikotoka, si wachache watakaokwambia kuwa ni Kikuyu tu, la tangu mababu.

Si la mababu. Ni Kiswahili: siku na kuu, maneno mawili yaliyoungana hata tukasahau kuwa yaliwahi kutengana. Lilipofika mlimani lilifanyiwa mambo mawili. Kwanza, s ya Kiswahili aghalabu hugeuka th katika Kikuyu, ndiyo maana soko ni thoko na sabuni ni thabuni. Pili, likapitishwa kwenye kanuni ambayo wanaisimu huiita Kanuni ya Dahl, kwa jina la Edmund Dahl, mmisionari Mjerumani aliyefanya kazi Unyamwezi, na ambayo Carl Meinhof aliitangaza kwa wataalamu mwanzoni mwa karne ya 20. Kanuni yenyewe ni nyepesi kuliko jina lake: k ikifuatwa na sauti sighuna katika silabi inayokuja, hulainika ikawa g. Kwa hiyo watu ni Gikuyu lakini mlima ni Kirinyaga. Kikombe kikawa gikombe, ilhali msimu wa kupanda umebaki kimera. Tazama sasa sikukuu. Ina k mbili zinazofuatana, ya kwanza ikalainika mbele ya ya pili, na hapo ukapata thiguku.

Neno likishapita katika kanuni hiyo halina tena sura ya mgeni. Na hapo ndipo ninapotaka kumwomba msomaji tusimame kidogo, kwa sababu katika kisa hiki neno lilipata uraia haraka sana kuliko kitu lilichokuja nacho. Sherehe zilikuwepo Nyeri kabla ya Kiswahili kufika. Kilichokuwa hakipo ni sherehe iliyofungwa kwenye nambari ya tarehe.

Tuanze na maneno yaliyokuwepo. Karamu kwa Kikuyu ni iruga, na iruga linatokana na kuruga, yaani kupika. Sherehe ni chungu kilicho mekoni. (Sisi wa Kiswahili tuna sherehe, neno la Kiarabu ambalo pia ni orodha ya maneno magumu inayowekwa mwishoni mwa diwani. Mwanafunzi wa fasihi anayakuta yote mawili katika juma moja, raha na mateso.) Kuimba na kucheza kuna kitenzi kimoja tu, kuina, mtu haimbi kwanza kisha akacheza. Lakini neno lililoleta balaa ni ngoma. Kwa Mswahili ngoma ni kile kinachopigwa, na vilevile mchezo wenyewe na mkusanyiko wake. Kwa Mkikuyu, ngoma ni roho za wafu. Wamisionari walipotafuta neno la shetani na pepo wabaya hawakwenda mbali, wakalichukua hilo hilo. Basi hebu fikiria karani wa bwana DC anayesema kwa Kiswahili kwamba ngoma imepigwa marufuku kijijini, na mzee anayemsikiliza kwa sikio la Kikuyu. Nani amekatazwa nini? Huko pwani maana hizo mbili hukaa jirani bila taabu, maana ziko ngoma za pepo, lakini huku juu zilikuwa mbali.

Sherehe hizo zilikuja lini? Maelezo yanayosomwa zaidi ni ya Jomo Kenyatta katika Facing Mount Kenya, kitabu alichokichapisha mwaka 1938 baada ya kusoma London chini ya Bronisław Malinowski. Kenyatta hakuwa mtazamaji asiye na upande. Aliandika kama wakili wa watu wake, na msomaji mwangalifu atalikumbuka hilo. Hata hivyo anaueleza mwaka wa kilimo kwa ukaribu ambao wageni hawakuwa nao. Kuna ibada ya kuomba mvua inapochelewa, ibada ya kupanda, ya kuitakasa mimea ikiwa shambani, na ya mavuno. Wazee hukusanyika chini ya mgumo na mwanakondoo wa rangi moja, nyuso zikielekezwa Kirinyaga. Mwaka una imera mbili: kimera cha njahi, mvua ndefu za Machi hadi Mei, na kimera cha mwere, mvua fupi za kuanzia Oktoba. Angalia majina hayo. Misimu imeitwa kwa chakula, njahi ikiwa ile maharage nyeusi yenye mstari mweupe, na mwere ile nafaka ambayo leo wengi wa Nyeri huijua kwa jina tu. Hakuna popote katika mpangilio huo ambapo mtu angeweza kusema, miaka miwili kabla, kwamba sherehe ya mavuno itakuwa tarehe fulani. Mvua haijasema.

Miaka nayo haikuhesabiwa, ilipewa majina. Kila kundi la vijana waliotahiriwa pamoja lilikuwa riika, ambalo ni rika letu sisi kwa sauti iliyovutwa, na jina lake lilitokana na jambo lililotokea. Kuna rika la Mutung'u, ndui. Kuna rika la Ndege, kwa sababu ndege za chuma zilikuwa zimeanza kuonekana angani. Mtu akitaja rika lake ametaja umri wake, wenzake na habari za mwaka ule, vyote kwa neno moja. Cheti cha kuzaliwa hakijafika hapo.

Mwaka 1910, mtu na mkewe, W. Scoresby Routledge na Katherine Routledge, walichapisha kitabu kuhusu Wakikuyu baada ya kuishi karibu na Nyeri, kituo kilichokuwa bado kichanga. Kitabu kina lugha ya zama zake, ile ya kuwaita watu wa kabla ya historia. Lakini kinachonivutia ni walikokwenda baadaye. Mwaka 1914 walifika Rapa Nui, kisiwa cha Pasifiki kilicho chini ya Chile, na Katherine akaandika yale wazee wa huko waliyoyakumbuka kuhusu sherehe ya kila mwaka ya mtu-ndege. Wanaume waliogelea hadi kisiwa kidogo cha Motu Nui kusubiri yai la kwanza la ndege wa baharini. Aliyelipata alimletea mkuu wake heshima ya mwaka mzima. Sherehe hiyo nayo haikuwa na tarehe. Ilianza ndege walipofika. Ilikoma miaka ya 1860 wamisionari walipoingia, na Katherine aliikuta vinywani mwa wazee tu. Mwandishi huyo huyo, basi, aliwakuta watu wa Nyeri wakiwa bado wanangojea mvua, na watu wa Rapa Nui wakiwa wameacha kungojea ndege.

Nyeri ilikuwa inaelekea kule kule. Wamisionari wa Consolata waliadhimisha misa yao ya kwanza Tuthu, Murang'a, tarehe 29 Juni 1902, kisha wakafika Nyeri. Waskoti walifungua Tumutumu mwaka 1908. Kila upande ulikuja na kalenda. Consolata walikuwa na mtambo wa kuchapisha, na kuanzia mwaka 1916 wakatoa gazeti la Kikuyu, Wathiomo Mukinyu. Juma la siku saba likaingia pia, na hapa kuna jambo la kuchekesha. Majina ya siku yaliyokubalika mlimani ni njumatatu, njumaine, njumatana, aramithi, njumaa, njumamothi: karibu yote ni ya Kiswahili, na hesabu yake inaanza baada ya Ijumaa ya Waislamu. Wakristo wa Nyeri wanahesabu siku kwa msikiti na kwenda kanisani siku ya Kiumia, ambayo angalau waliipa jina lao wenyewe.

Mtu anaweza kusema kwamba hayo ni maendeleo ya kawaida, kwamba kila jamii iliyokutana na maandishi ilipata kalenda. Sikubali moja kwa moja, na ushahidi wangu ni pwani ambako neno sikukuu lilitoka. Waswahili walipokea kalenda ya mwezi wa Kiislamu, ile inayoleta Idi na Maulidi, na ambayo hurudi nyuma siku kumi na moja hivi kila mwaka ikilinganishwa na jua. Mkulima hawezi kupanda kwa kalenda hiyo. Basi waliweka ya pili kando yake, mwaka wa jua wa siku 365 unaohesabiwa kwa makumi 36 na siku 5 za ziada, na kichwa chake ni Siku ya Mwaka. Makunduchi, kisiwani Unguja, bado wanausherehekea kila Julai kwa jina la Mwaka Kogwa: wanaume hupigana kwa mabua ya migomba, kibanda huchomwa moto, watu huenda kuoga baharini. Lamu nayo ina Maulidi yake makubwa ya Msikiti wa Riyadha, yaliyoanzishwa na Habib Saleh. Kalenda mbili, kila moja na kazi yake, na hakuna aliyelazimishwa kuchagua.

Nyeri walilazimishwa. Si kwa kalenda peke yake bali kwa amri. Ituika, ile sherehe kubwa ya kizazi kimoja kukabidhi utawala kwa kingine, haikuwa ya kila mwaka bali ya kila miongo kadhaa. Maandalizi ya ile iliyopaswa kufuata yalizimwa na serikali ya kikoloni miaka ya 1920. Mwaka 1929, wakati wa mzozo wa tohara ya wasichana, ukazuka wimbo-mchezo wa Muthirigu uliowakejeli wamisionari, machifu na maafisa kwa majina yao. Mapema mwaka 1930 ukapigwa marufuku. Baada ya hali ya hatari kutangazwa tarehe 20 Oktoba 1952 mambo yakawa mabaya zaidi. Kuanzia mwaka 1954 watu zaidi ya milioni 1 wa Mlima Kenya walihamishiwa kwa nguvu katika vijiji zaidi ya 800 vilivyozungushiwa uzio na mitaro, na amri ya kutotoka nje. Iruga huhitaji chakula, usiku na majirani. Vijiji vile viliwanyima watu chakula na usiku, na majirani wenyewe wakafundishwa kuogopana.

Ndiyo sababu ukitaka kuona maana ya tarehe katika mji huu, tazama mwezi wa Februari.

Usiku wa kuamkia tarehe 6 Februari 1952, binti mfalme Elizabeth alikuwa amelala Treetops, hoteli ya juu ya mti katika msitu wa Aberdare, baba yake akafa Uingereza naye akawa malkia bila kujua. Hilo watalii huambiwa hadi leo. Tarehe 22 Februari ni siku ya kuzaliwa ya Robert Baden-Powell, mwanzilishi wa skauti, aliyeishi miaka yake ya mwisho katika nyumba ndogo iitwayo Paxtu kwenye uwanja wa hoteli ya Outspan na kufariki tarehe 8 Januari 1941. Kaburi lake liko mjini Nyeri, linatazama mlima, na juu ya jiwe kuna duara lenye nukta katikati, alama ya skauti ya kusema nimekwenda nyumbani. Mkewe Olave alizaliwa tarehe hiyo hiyo, na majivu yake yamezikwa hapo. Kila mwaka maskauti wa Kenya na wa nchi za nje hukusanyika mjini, na ni sherehe nzuri, yenye bendi na skafu za kila rangi. Mkazi wa Nyeri ambaye hajawahi kusimama kando ya barabara kuwatazama amekosa.

Siku nne kabla ya hapo ni tarehe 18. Dedan Kimathi, mwana wa Tetu, alijeruhiwa na kukamatwa Kahigaini tarehe 21 Oktoba 1956, akashtakiwa mjini Nyeri mwezi uliofuata, na akanyongwa Kamiti tarehe 18 Februari 1957. Alizikwa gerezani bila alama, na familia imelitafuta kaburi hilo kwa miongo mingi. Mau Mau ilibaki chama haramu katika sheria za Kenya huru hadi mwaka 2003, miaka arobaini baada ya bendera kupandishwa. Sanamu ya Kimathi jijini Nairobi ilizinduliwa mwaka 2007. Kabla ya hapo, aliyetaka kumkumbuka alikuwa na jina la barabara na tamthilia ya Ngũgĩ wa Thiong'o na Mĩcere Mũgo ya mwaka 1976, ambayo wasomaji wa Kiswahili waliipata kama Mzalendo Kimathi.

Siwalaumu maskauti, hawakupanga Februari iwe hivyo. Lakini msomaji aniruhusu niseme kile ambacho kalenda inasema bila maneno. Mmoja anaadhimishwa kwa siku aliyozaliwa, penye kaburi linalojulikana dunia nzima. Mwingine anakumbukwa kwa siku aliyonyongwa, na hakuna kaburi la kuendea. Siku ya kwanza ina jina, bendi na watu wa kuisimamia. Ya pili haimo katika orodha ya sikukuu za taifa, na watoto wa shule huwa darasani.

Orodha ya taifa yenyewe ni fupi. Katiba ya 2010 inataja siku tatu: Madaraka tarehe 1 Juni, Mashujaa tarehe 20 Oktoba, Jamhuri tarehe 12 Desemba. Ya Mashujaa ilikuwa Siku ya Kenyatta, na asili yake ni siku gavana Evelyn Baring alipotia saini tangazo la hali ya hatari na usiku wake Kenyatta na wenzake wakakamatwa. Kwa maneno mengine tunawakumbuka mashujaa kwa tarehe iliyochaguliwa na gavana. Sherehe hizo siku hizi huzungushwa kaunti hadi kaunti, na Mlima Kenya umepata zamu zake: Madaraka ya 2017 ilikuwa Nyeri, uwanja wa Kabiru-ini, Mashujaa ya 2021 Kirinyaga, Madaraka ya 2023 Embu. Wazee wa mwomboko huja na kodiani yao na ile pete ya chuma, karing'aring'a, wakacheza hatua zao mbili mbele ya jukwaa kwa dakika walizopewa, kati ya gwaride na hotuba. Mchezo huo ambao vijana wa zamani walikesha nao unapimwa sasa kwa saa ya mratibu wa itifaki.

Si kila siku mpya imebaki ngeni, lakini. Tarehe 31 Oktoba Wakatoliki humkumbuka Sista Irene Stefani wa Consolata, aliyefariki Gikondi mwaka 1930 kwa tauni aliyoambukizwa na mgonjwa aliyekuwa akimuuguza, na aliyetangazwa mwenye heri mjini Nyeri tarehe 23 Mei 2015. Nafikiri siku hiyo imeshika kwa sababu moja: jina linalotumika ni Nyaatha, mama wa huruma, na jina hilo alipewa na wenyeji wenyewe kabla Roma haijafikiria lolote. Na Septemba, mavuno ya njahi yakiwa tayari ghalani, kuna maonyesho ya kilimo ya Kabiru-ini. Ng'ombe bora, viazi, kahawa, asali, watoto waliopotea, nyama choma, muziki hadi usiku. Hakuna anayeiita thiguku. Wanaiita shoo. Kwangu mimi ndiyo iliyo karibu zaidi na iruga ya mavuno kuliko kitu kingine chochote kilichobaki, na hata nguo zake za Kiingereza hazijaificha.

Imebaki tarehe 10 Oktoba, siku ambayo serikali imehangaika nayo kuliko zote. Ilikuwa Siku ya Moi. Katiba mpya haikuitaja, mahakama ikairudisha, ikaitwa Siku ya Utamaduni, na tangu mwaka 2024 ni Siku ya Mazingira, ambayo Wakenya wanahimizwa kupanda miti. Bila kukusudia, sheria imeitupa siku hiyo mlangoni mwa kimera cha mwere, pale pale ambapo wazee wangekuwa chini ya mgumo wakiisikiliza mvua. Mvua fupi hazina tarehe. Kuna mwaka huwahi, na kuna mwaka Oktoba hufika katikati udongo wa Tetu ukiwa bado vumbi. Mwaka wa namna hiyo wazee wangengoja. Maafisa hufika na miche saa tatu asubuhi, kwa sababu ni tarehe 10.